Uji wa Kitanda cha Tisa

Mimi ni mtu wa kupima kwa jicho. Nauza nguo za watoto za mitumba pale sokoni Migori, na mama akinijia bila mtoto, akaniambia tu, "Ana miaka minne lakini ni mnene kidogo," namtolea suruali, na hiyo suruali hairudi. Sijawahi kumiliki futi ya fundi. Kwa hivyo nilipopata watoto, homa pia nikawa naipima hivyo hivyo, kwa mgongo wa mkono: kwanza paji la uso, halafu shingo, halafu kwapani. Nikisema mtoto ana homa, ana homa. Nikisema imeshuka, imeshuka. Nayasema haya mapema ili ujue nilivyokuwa najiamini, maana kujiamini huko nusura kunifanye mjane.

Mume wangu ni Mjaluo wa Kisegi, upande wa ziwani. Mimi ni Mkuria. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu tulipooana hakuna aliyekuwa tayari kuanza na lugha ya mwenzake, tukazoea hivyo. Kwao wananiita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na baada ya miaka kumi na minne nadhani jina langu lenyewe wamelisahau. Yeye alikuwa akifanya kazi Osiri kwenye dhahabu, si ndani ya shimo bali juu, kwenye mashine za kusaga mawe. Jumamosi alikuwa akirudi mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, nami namzuia mlangoni. "Jikung'ute huko nje," namwambia. Tulidhani vumbi ni kitu cha kukung'uta tu, basi.

Mwezi wa pili akarudi katikati ya wiki. Kichwa kinauma, mwili moto. Tukanunua dawa ya malaria. Malaria tunaijua sisi: unatetemeka, unameza dawa, siku ya nne unaulizia ugali. Siku ya nne hakuulizia ugali. Tukanunua dawa nyingine. Wiki ya pili akawa anatapika asubuhi na hataki pazia lifunguliwe, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumkasirikia. Nilidhani anadeka.

Halafu jioni moja nikamkuta amekaa kitandani anahangaika kuvaa sweta. Sweta yenyewe ilikuwa ya kitinda mimba wetu, wa miaka sita. Kichwa kilikuwa kimekwama, anavuta tu. Nikamwuliza, "Baba watoto, unafanya nini?" Akanijibu kwa Kijaluo, mtu ambaye hajawahi kunijibu kwa Kijaluo, na akanijibu kwa adabu kabisa, kama mtu anayeongea na mgeni wa kanisani. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Wadogo zake wawili walisema aletwe Homa Bay, karibu na kwao, ili wapate kunisaidia kumwangalia. Mkubwa kati ya hao wawili ni mtu wa maneno machache. Unaweza kukaa naye siku nzima akasema "eeh" mara nne. Mdogo ndiye msemaji. Tukampeleka hospitali moja huko, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha tisa. Daktari, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, alijaribu kumkunja shingo ili kidevu kiguse kifua, na shingo ikakataa. Kichwa na mabega vikainuka pamoja kama ubao. Wakamlaza ubavu, wakamchoma sindano mgongoni, wakachukua maji ya uti wa mgongo wakaenda kuyapima.

Jioni ile daktari akaniita karibu na dirisha.

"Mama, ni TB."

"TB gani? Huyu hata hakohoi."

"TB si ya mapafu peke yake. Hii imeingia kwenye utando unaofunika ubongo. Lile vumbi la mawe huifungulia mlango mapafuni."

Akanieleza dawa: vidonge vya TB kila siku, mwaka mzima, na sindano ya kupunguza uvimbe ndani ya kichwa. Kisha akasema, "Nikuombe kitu kimoja. Usingoje homa iishe kwa siku tatu. Hii si malaria. Anaweza kuanza kukutambua, akaanza kula, na bado jioni anachemka. Homa yake huondoka kwa wiki nyingi, tena kwa kurudi rudi. Ukiiona, usidhani dawa imeshindwa."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilisikia kila neno na sikuamini hata moja. Dawa ni dawa bwana. Ikifanya kazi, mwili unapoa. Ndivyo nilivyolelewa.

Miguuni pa kitanda palining'inia chati. Sista wa wodi ile, mama wa makamo mwenye viatu visivyo na sauti, alikuwa akipita asubuhi, adhuhuri na saa kumi na mbili jioni, anaweka kipimajoto kwapani, anangoja, anasoma, anatia nukta. Halafu anaunganisha nukta kwa mstari. Katika muda mfupi nikajua kuisoma ile chati kuliko ninavyosoma Biblia. Asubuhi nukta iko chini kidogo, jioni imepanda juu ya mstari. Asubuhi chini, jioni juu. Siku ya tano, siku ya nane, siku ya kumi. Mpira wa kulishia puani ukatolewa, nikaanza kumlisha uji kwa kijiko. Alikuwa akifungua macho, akanifuata nayo nikipita. Siku moja alishika kidole changu na hakukiachia mpaka nikacheka. Lakini mimi nilikuwa naangalia karatasi.

Ndipo mvua ikanyesha Kisegi.

Lazima nieleze hapa. Baba mkwe na mama mkwe walishafariki, na mume wangu ndiye kifungua mimba. Katika boma lile, mvua ikija, hakuna mkono unaotangulia wake na wangu kutia mbegu ardhini. Tunapanda sisi wawili pamoja, kisha anafuata wa pili, kisha wa tatu. Ukiruka mpangilio kuna chira, laana inayokuja polepole: mtoto anakonda, ng'ombe anatupa mimba, na hakuna hospitali inayoijua. Kila mwaka tulikuwa tukienda Ijumaa, Jumamosi tunapanda mashimo machache, Jumapili tuko Migori. Lilikuwa jambo dogo tu, nilikuwa hata nalifanyia mzaha.

Mwaka huo halikuwa dogo. Shemeji mdogo alipiga simu. "Nyar Kuria, ardhi imelowa. Majirani wameshapanda. Tunafanyaje?" Siku mbili baadaye wakaja wote wawili wakasimama kando ya kitanda, kofia mkononi. Si watu wabaya hao. Wana watoto, na msimu wa nyuma jua lilikuwa limewachomea kila kitu. Mdogo akasema, "Aje siku moja tu. Akae kwenye kiti, ashike mbegu, turudi naye." Mkubwa alimwangalia kaka yake, akaangalia dirishani ambako mawingu yalikuwa yanakusanyika, akashusha pumzi.

Nikamwuliza daktari. Akasema, "Homa ikikaa chini siku kadhaa, na akaendelea kuamka hivi, tunaweza kuzungumza juu ya nyumbani." Alisema mambo mawili. Mimi nikabeba la kwanza.

Kesho yake nikanunua vidonge vya parasetamol pale langoni, vile vyeupe ambavyo kila nyumba inavyo, na pakiti ya vidonge vya mafua, kwa sababu nilikumbuka vya mafua humtoa mtu jasho. Nikavisaga kwa kitako cha kikombe. Saa moja kabla ya sista kupita, nakoroga kwenye uji, namlisha. Nikimaliza, nachovya leso kwenye maji baridi, nampangusa uso, halafu naibana kwapani, upande ule ule wa kipimajoto, naitoa nikisikia watu wameanza kusogeza viti kumpisha sista. Asubuhi, adhuhuri, jioni. Nikaongeza na mara moja kabla ya kulala, ili nukta ya asubuhi isiniaibishe.

Na nukta zikashuka. Ai! Siku ya kwanza jioni ilikuwa juu ya mstari kidogo tu. Siku ya pili, chini. Siku ya tatu, chini. Sista akasema, "Mama, Bwana asifiwe," nami nikasema amina bila haya. Shemeji mdogo akatafuta gari. Niliiangalia chati ile kama mtu anayeangalia kazi nzuri ya mikono yake, na kwa kweli ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Yeye mwenyewe alikuwa anarudi nyuma. Sasa naona wazi. Alikuwa anakunja uso kijiko kikimfikia. Uji aliumeza, lakini baadaye anautapika nusu. Kidole changu hakukishika tena. Siku ya nne asubuhi nikavuta pazia, mwanga ukampiga, akafungua macho, na yale macho yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

Daktari alikuja na wenzake wawili. Wakamchukua damu. Adhuhuri karatasi ya maabara ikarudi, wakasimama miguuni pa kitanda wakizungumza Kiingereza, nami Kiingereza kidogo nakielewa. Ini. Ini limeumia. Daktari akanigeukia. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Mama, nafikiri ni dawa za TB. Wakati mwingine zinafanya hivyo. Itabidi nisimamishe tatu kati ya hizo nne kesho asubuhi."

"Na akikosa hizo?"

"Ubongo wake utakosa kinga tuliyoanza kuijenga. Ni hatari. Lakini bila ini hataishi." Akaangalia chati akatikisa kichwa. "Na homa ilikuwa imeshuka vizuri hivi."

Wakaondoka kwenda kitanda cha kumi.

Nilibaki nimekumbatia chupa ya uji. Sitajifanya mtakatifu hapa. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa hili: nyamaza, acha tu kumpa vile vidonge, ini litapona lenyewe, na hakuna mtu atakayejua. Nililigeuza geuza hilo wazo, na lilikuwa tamu. Lakini asubuhi daktari angemnyima dawa iliyokuwa inamrudisha, kwa kosa la uji wangu. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa akiniangalia kwa macho yake ya manjano, hana shaka, hana swali, anangoja kijiko.

Nikamkuta daktari kwenye korido, sista akiwa naye. Nikatoa pakiti mbili kutoka kwenye kifuko changu nikaziweka juu ya meza ya dawa. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikitoka kali, kwa sababu nikiona aibu huwa nakuwa mkali.

"Hizi ndizo zimeshusha homa. Si dawa zenu. Nilikuwa namtilia kwenye uji."

Daktari akazigeuza pakiti. "Ngapi kwa siku?"

Nikahesabu kwa vidole. Viwili vyeupe na kimoja cha mafua, mara nne.

"Unajua hiki cha mafua kina parasetamol ndani? Ile ile?"

Sikujua.

"Na sisi pia tulikuwa tukimpa kwa ajili ya kichwa."

Hilo pia sikulijua. Nilimngoja anitukane. Ningeshukuru. Lakini alivuta kiti akakaa, akajishika kichwa, na yule sista akanishika mkono akasema polepole, "Mama, siku zote nne ulikuwa unatibu karatasi." Nikalia pale mbele ya watu, mimi ambaye hata kwenye mazishi hulia nikiwa nyuma ya nyumba.

Daktari alibadilisha uamuzi. Parasetamol yote ikomeshwe. Dawa moja ya TB, ile iliyo nzito zaidi kwa ini, iwekwe kando kwa muda. Nyingine ziendelee, na damu ipimwe kila baada ya siku moja. "Ini likizidi kuharibika, sina la kufanya, nitazisimamisha," akasema. Kisha akachukua chati, akapiga mstari mrefu wa kalamu juu ya zile siku nne. Jioni hiyo sista akapima kwapa kavu. Nukta ikaruka juu kabisa.

Nikatoka uani nikawapigia mashemeji. Mdogo ndiye alishika, akaweka simu wasikie wote. Niliwaambia gari lisije, hali imeharibika. Sikusema kwa nini. Akaanza, "Sasa nyar Kuria, na shamba..." nikawaka.

"Pandeni! Mimi ndiye mkubwa wa boma hilo leo, na nimesema pandeni. Kama kuna chira, iambieni ije Homa Bay, wodi ya wanaume, kitanda cha tisa. Itanikuta hapo nimekaa."

Nikasikia shemeji mkubwa akichukua simu, akakohoa kusafisha koo, halafu ikakatika. Nikasema basi, huyo nimempoteza.

Damu ya kwanza ilikuwa mbaya zaidi kidogo. Ya pili ikasimama pale pale. Ya tatu ikaanza kushuka, na weupe wa macho ukarudi taratibu kuanzia pembeni. Ile dawa iliyowekwa kando ikarudishwa. Lakini homa! Homa ilikaa nami wiki baada ya wiki. Kila jioni sista anatia nukta juu ya mstari, nami nimekaa juu ya mikono yangu nisiguse kitu. Daktari alinipa kazi nyingine ili nisiharibikiwe na akili. "Achana na chati. Kila asubuhi mwulize maswali matatu. Mimi ni nani? Tuko wapi? Jana ulikula nini? Halafu uniambie."

Asubuhi nyingi hakujibu. Asubuhi nyingine alijibu kwa Kijaluo, akaniita mama yake. Halafu ikaja asubuhi moja nimeinama juu yake, nimeuliza kama kawaida, "Mimi ni nani?" Akaniangalia sana. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kukwaruza, "Si wewe mama watoto. Na unanuka omena, samaki mtupu."

Nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha nane akaniuliza kuna nini. Jioni ile alikuwa na homa ya kutosha, nukta juu kabisa, na kwa mara ya kwanza sikujali. Baada ya hapo ilianza kupoa kama sufuria ya nyoyo, mahindi na maharagwe, iliyotolewa motoni: unadhani imepoa, unagusa, bado moto. Siku mbili chini, moja juu. Siku nne chini, moja juu. Hata siku ya mwisho ilipokaa chini moja kwa moja sikuiona. Ni sista aliyenionyesha baada ya wiki kupita.

Tulirudi Migori mvua ikiwa imekwisha. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na mkono wa kushoto unatetemeka akishika kikombe. Osiri hatarudi, nimeshasema. Ananisaidia kufungua marobota na kupanga nguo, na kwa saizi ni mbovu sana.

Mwezi wa tisa, mvua za vuli zilipokaribia, tukaenda Kisegi. Nilikuwa naogopa kuonana na shemeji mkubwa. Shamba la mdogo lilikuwa na mabua makavu ya mahindi yaliyovunwa. La mkubwa lilikuwa na nyasi tupu, ndefu mpaka kiunoni, hakuna hata bua moja. Msimu mzima. Mke wake aliniambia kwamba mumewe alikuwa akienda kuvuta nyavu za watu ufuoni ili wale.

Nikamfuata nyuma ya zizi. "Shemeji, mimi si niliwaambia mpande? Na wewe ukanikatia simu."

"Sikukata. Chaji iliisha."

"Kwa nini hukupanda?"

Akaangalia kule kaka yake alikokuwa amekaa kwenye kiti. "Nilikuwa namngoja," akasema, akaendelea kufunga kamba ya ng'ombe.

Jumamosi asubuhi tukaingia shambani, mume wangu na mimi. Yeye anachimba kwa jembe dogo, kwa mkono wa kulia, mimi natia mbegu. Mashimo machache tu, kama zamani. Kwenye la tatu akasimama kupumzika.

"Ule uji," akasema.

"Uji gani?"

"Wa hospitali. Ulikuwa mchungu."

Mkono wangu ukabaki ndani ya bakuli la mbegu. Miezi yote hiyo sikuwa nimemwambia. Aliyejua ni daktari na sista tu.

"Unaukumbuka?"

"Sindano siikumbuki. Daktari simkumbuki. Ule uji naukumbuka. Nilikuwa najua una kitu ndani."

"Sasa kama ulijua, kwa nini ulikuwa unakunywa?"

Akanitazama, akashangaa kwamba nauliza. "Si ni wewe ulikuwa umeshika kijiko."

Nikamwambia yote, pale pale tumesimama kwenye udongo, nikisemea upande wa sikio la kulia ili asikose neno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainama akachimba shimo la nne, akanyoosha kiganja chake kinachotetemeka, nami nikamhesabia mahindi matatu.